Sauti Kutoka Upande wa Kina

Wasikilizaji wapendwa, mliokaa na mnaogombania kiti, karibuni. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakunyamaza. Hatusemi alipenda kuongea. Wewe pia unapenda kuongea, na shemeji yako ndiyo usiseme. Huyu hakunyamaza. Alikuwa fundi wa mabwawa ya kuogelea, yale ya majumbani. Bwawa likivuja, likipasuka, plasta ikianza kubanduka kama ngozi iliyoungua na jua, anaitwa yeye. Mtaani walimwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake ukishaanza mshono haukati uzi.

Cherehani amefariki dunia wiki hii, kitandani kwake, mchana kweupe, mkewe akiwa pembeni. Na ni mkewe aliyetusimulia haya. Huyo mama alikuwa mshika kamba. Likumbukeni hilo: mume chini, mke juu, kamba katikati.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza maji yote yanavutwa kwa pampu. Linabaki shimo la buluu, upande mmoja kina cha magotini, upande wa pili kina cha kummeza mtu na kofia yake, na sakafu inateremka kutoka huku kwenda kule. Fundi anashuka na nyundo ndogo. Anagonga ukuta, ngo, ngo, ngo. Pakilia pazito, plasta imeshika. Pakilia kama debe tupu, imeachana na ukuta, na lazima ibomolewe. Kisha ukuta unaoshwa kwa asidi iliyochanganywa na maji, ili plasta mpya ishike. Hapo ndipo hofu inapokaa, wapendwa. Mvuke wa vitu hivi ni mzito. Haupandi juu ukaenda zake. Unalala chini, upande wa kina, palepale alipo fundi.

Cherehani alilijua hilo kwa machungu. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi, alishuka peke yake siku moja kupaka rangi ya bwawa, ile yenye harufu ya kutoboa pua. Wenzake walikuwa juu kivulini, wanakula. Hawakusikia kitu. Wakadhani amejinyoosha kidogo. "Walimwacha apumzike," Cherehani alikuwa akimwambia mkewe. Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyowahi kuisema bila mzaha.

Baada ya mazishi akaweka masharti. Hashuki bila kamba kifuani. Hashuki bila mkewe juu. Na akiwa chini, ataongea mwanzo mwisho.

"Ukisikia nimenyamaza, usifikiri. Vuta. Na ukishindwa kuvuta, usishuke. Umenisikia, mke wangu? Usishuke."

"Na nikishuka?"

"Nakupa talaka hukohuko chini."

Basi akaongea. Aliisema serikali ya mtaa, aliisema mvua, na zaidi ya yote alimsema mama mkwe. "Alikuja kwetu kwa siku mbili! Mwaka wa tatu huu anatafuta viatu vyake!" Wenye nyumba walicheka madirishani mpaka wakashika mbavu. Mke wake hakucheka. Yeye alisikiliza sauti, si maneno. "Kila akivuta pumzi katikati ya neno, naikaza kamba," alituambia. "Watu walidhani namtazama vile kwa mapenzi. Mapenzi gani! Nilikuwa naogopa." Aliogopa bwawa la kwanza, aliogopa la mwisho. Wala hakuzoea.

Sasa tufike nyumbani kwa mwalimu mstaafu.

Mwalimu huyo alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kupenda kusaidia. Jioni ya kuamkia kazi aliona ukoga wa kijani umebaki chini, upande wa kina. Akachukua dawa ya bwawa, ule unga mweupe wa kuua vijidudu, akaumwaga pale ili mafundi wakute pasafi. Hakumwambia mtu. Wapendwa, mtu anayekusaidia bila kukuambia, mwogope. Unga ule na asidi havikai chumba kimoja. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu.

Asubuhi Cherehani akashuka. Akaanza kuosha ukuta, na asidi ikawa inatiririka taratibu kuelekea chini. Barakoa ya mpira alikuwa ameivaa. Lakini alikuwa na tabia moja mbaya. Kila hadithi ikifika kwenye utamu, alishusha barakoa kidevuni, maana alisema mzaha ukipita humo unatoka umechuja.

"Basi mama mkwe akaja kukagua ukuta wangu," sauti ikapanda kutoka chini. "Kashika bakora. Akagonga, ngo, ngo. Akashusha miwani. Akanitazama mimi, akautazama ukuta. Akaniambia, baba, ukuta wako huu..."

Akashusha barakoa.

Kimya.

Mchekeshaji yeyote hutua kidogo kabla ya kuchekesha. Mkewe alidhani ametua. Alidhani kwa kufumba na kufumbua tu, na mpaka leo anaijutia kufumba na kufumbua hiyo. Kisha akasikia kikohozi kimoja, kikavu. Ikamjia harufu kali iliyomchoma macho. Akachungulia. Chini kulikuwa na ukungu wa manjano unaotambaa sakafuni, polepole, kama unaotafuta pa kulala.

"Upo?"

Akainama zaidi ukingoni, akapaza sauti.

"Baba! Upo?"

Akavuta kamba. Kamba ikakaza, mtu hakuja. Alikuwa mzito kama mfuko wa saruji ulionyeshewa. Kumpandisha kwenye ukuta uliosimama wima, mikono miwili haitoshi. Miguu ikamwambia shuka. Moyo ukamwambia shuka. "Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi," alituambia. "Ngazi ile ilikuwa ya baridi. Baridi ile ndiyo iliyonikumbusha talaka yangu."

Akautoa mguu. Akakimbia na kamba yake pembezoni mwa bwawa mpaka upande wa pili, ule wa magotini, ili amburute kwa kufuata mteremko. Mwalimu akatokea mbio, kandambili mkononi, anataka kurukia ndani.

"Mwalimu, ukishuka nakuacha! Shika kamba!"

"Lakini mama, anakufa!"

"Shika kamba!"

Mwalimu akashika. Wakavuta. Mwili ukakwaruza plasta, shati likachanika, buti moja likabaki nyuma. Wakavuta, mama anaita upo, mwalimu analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Wakamfikisha penye hewa. Wakamlaza kwenye nyasi, wakammwagia maji kwa mpira, uso, mdomo, macho. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Upo?" Akamtikisa. "Upo?"

Akakohoa kwa muda mrefu. Kisha ikatoka sauti ya chura.

"Nipo. Buti langu je?"

Hapo mama alikaa chini kwenye nyasi, kamba ingali mkononi.

Mapafu ya Cherehani hayakurudi yalivyokuwa. Sauti ikabaki na mkwaruzo. Lakini alipona, akarudi kazini, na barakoa haikushuka tena. "Humo ndani alikuwa akibwabwaja tu," anasema mkewe. "Sikuelewa neno hata moja. Lakini nilisikia." Na kabla mume hajashuka, mama alimsimamisha mwenye nyumba, awe tajiri awe nani, akamwuliza: "Umemwaga nini humu?"

Binti yao anasema hofu ile ilihamia nyumbani. "Baba akinyamaza kidogo tu, mama anapaza sauti toka jikoni, upo? Na baba anajibu, nipo! Hata akiwa bafuni. Hata mbele ya wageni. Tulikuwa tunaona aibu."

Mwaka huu pumzi zilianza kumwishia. Siku moja mkewe akamwinamia akamwuliza jambo ambalo lilimkera miaka yote.

"Mama yangu alisemaje kuhusu ule ukuta?"

"Sijui," akanong'ona. "Nilikuwa bado natunga."

"Na zile hadithi nyingine?"

"Zote. Mtu anayeogopa atakumbuka wapi hadithi? Nilikuwa natunga ili unisikie."

Kumbe walikuwa wawili. Aliyeogopa juu, na aliyeogopa chini.

Mchana ule wa mwisho mama alimwuliza, upo? Akajibu kwa kidole, kiganjani mwake. Baadaye akamwuliza tena.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole wote waliofiwa. Pole mama mshika kamba. Pole binti. Pole mwalimu mstaafu, aliyekuwa wa kwanza kufika msibani. Na pole mama mkwe, ambaye yu hai, na ametuomba tutangaze kwamba viatu vyake hajavipata bado.

Tulikuwa tumepanga dakika moja ya kimya. Mama mshika kamba amekataa. Amesema, "Kimya nimekisikia. Msimpe hicho."

Basi hatukai kimya. Kuna mtu wako yuko chumba cha pili, au juu ya paa, au chini ya gari analitengeneza, na hujamsikia muda sasa. Mwite. Mwulize, upo? Na wewe unayeitwa, hata kama umenuna, hata kama mmegombana tangu asubuhi, jibu.