Mgeni Njoo, Umeme Uwake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Nishati na Biashara Ndogo za Vijijini, unayestaafu, waheshimiwa wajumbe, Meneja wa shirika la umeme, ndugu wageni waalikwa, wafugaji wenzangu: hamjambo.

Nimepewa nafasi nimsifu Mheshimiwa, nami nitamsifu kwa haki. Nani mwingine alikuja kila mwaka, akavua viatu mlangoni mwa kituo hiki cha maziwa, akaweka kiganja kwenye tangi na kusema, "Baridi safi, mama"? Na tangi lilikuwa baridi kweli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu mgeni akija, umeme unawaka. Barua ya ziara ikifika, nyaya zinafufuka. Vumbi la msafara likitulia, zinakufa tena.

Na sisi, kwa adabu zetu, tulifanya nini? Tulifagia, tukamwaga maziwa yaliyochacha nyuma ya ukuta, tukapiga vigelegele. Tuliona aibu kumwonyesha mgeni chungu kilichoungua.

Mheshimiwa, unamkumbuka wifi yangu, msimamizi wa tangi, uliyempa mkono mbele ya kamera? Siku chache baada ya ziara ile, dereva wa lori la kiwanda alifunua ndoo ya kwanza, akanusa, akafunika.

"Dada, haya sibebi."

"Juzi tu waheshimiwa wameyasifu!"

"Basi wapelekee wayanywe."

Tulicheka, kicheko cha msibani. Lori halikurudi. Wifi aliuza ng'ombe wake wote, wa mwisho akiwa na mimba, na sasa anafua nguo za watu mjini. Leo hayupo hapa, na inaniuma.

Ripoti yako ya mwisho bado hujaisaini. Ukiandika kwamba kituo kina umeme, fungu la fedha za laini mpya ya umeme litakwenda kwingine, na mlango huu tutaufunga. Sikuombi uniamini mimi. Nakuomba, magari yakiondoka, wewe ubaki. Kiti kipo kando ya tangi. Weka kiganja chako pale pale ulipozoea, usubiri.

Na wewe Meneja, tafadhali, usimpigie mtu simu.

Asanteni kwa masikio yenu. Maziwa baridi yapo mezani. Yanyweni kabla hamjaondoka, maana mkishaondoka hayatafika kesho.