Bibi Kawekwa Mwisho wa Orodha

Kijiwe chetu cha Miyuji kina benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu wa kila kitu. Jana asubuhi Imrani, anayesomea kompyuta, alikuja na laptop na uso wa mtu aliyefiwa. Leo ndiyo anaoa Kondoa. Coaster ya kuwapeleka ndugu ina siti ishirini na nane, na ukoo ulipitisha kwamba aliyejiandikisha mapema ndiye anayepanda. Majina yamefika thelathini na tano, ila programu yake kila jina jipya inaliweka juu. Bibi yake, Bi Batuli, aliyejiandikisha wa kwanza tangu mwezi wa Rajabu, akajikuta wa mwisho. Safari ilikuwa jana hiyo hiyo; dereva angepitia orodha saa sita, na yule huhesabu kutoka juu tu, hana mjadala.

— Bibi akiachwa, harusi haipo, alisema Imrani. Keshasema atalala mbele ya tairi.

Mbwana tunamwita Spika, maana hapa huongei bila ruhusa yake.

— Igeuze mashine juu chini, alisema. Majina yatashuka yenyewe.

— Spika, acha ushamba, akadakia Hamidu, fundi redio. Imrani, andika amri inaitwa rev. Nimewaona wanachuo wakiiandika kwenye kile kidirisha cheusi.

Imrani akaandika. Majina hayakusogea hata moja, ila kila moja likasomeka kuanzia nyuma.

— Huyu Ilutab ni wa kwenu au wa ukweni? aliuliza Spika.

— Ndiye bibi huyo!

— Lahaula! Asisikie.

— Hii inageuza herufi ndani ya mstari, Imrani akasema huku akijifuta jasho. Mimi nataka mistari yenyewe igeuke. Ipo amri nyingine, tac. Ile cat inakusomea faili kuanzia juu, hii inaanzia chini.

Spika akaweka kikombe chini.

— Kumbe! Basi tuipe safari nzima, turudi kutoka Kondoa kabla hatujaenda.

— Mimi naipa ndoa yangu, alisema Hamidu. Kufika jioni niko kapera.

— Wewe ukigeuzwa utarudi tumboni, na mama yako hatakupokea.

Imrani akabonyeza. Bi Batuli huyo, namba moja! Tulishangilia mpaka Luka muuza kahawa akatuongezea vikombe bila kuombwa. Nilifurahi kama bibi ni wangu.

Salma, dada yake Imrani, alikuwa anapita kutoka sokoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akainama, akashusha kidole kwenye orodha taratibu mpaka jina la thelathini na tano.

— Imrani, na wewe bwana harusi umejiandika namba ngapi?

Spika akaangalia ndani ya kikombe chake. Hamidu akakohoa. Barabarani Coaster ilikuwa imeshafika, inapiga honi.

Imrani akasoma majina yote, moja moja, lake hakuliona. Kisha, bila kumtazama mtu, akaandika tac tena, akaanza kujitafuta kutokea chini.