Fimbo ya Njuga Haiachwi Mlangoni

Kaeni, wanangu. Wewe Saleha kaa hapa kitandani, miguuni kwangu, na wewe Yasir vuta kile kiti, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta bili. Najua kila mmoja aliambiwa kuwa mwenzake leo hayupo. Mimi ndiye niliyewaambia, na Mungu atanisamehe, maana mwaka wa pili huu mnapishana kwenye ngazi za nyumba hii ya Sparkbrook, huku Uingereza, huyu akitoka Northfield asubuhi na uji, yule akija jioni kutoka Kingstanding na dawa, na salamu zenu nazibeba mimi baba yenu mgonjwa. Nimechoka.

Mambo ya mali ni mepesi. Nyumba itagawiwa kwa sharia, imamu anazo karatasi, msigombane naye. Nguo zangu zipelekeni msikitini. Kinachonitia uzito ni ile fimbo nyuma ya mlango, yenye njuga, mliyoizoea tangu utotoni mkadhani ni pambo.

Ile ni fimbo ya kazi. Babu yangu alikuwa tarishi wa barua, akikimbia nayo, huko Kachi, Bara Hindi, katika nchi ya raja mmoja, mfalme wa huko, zama za Waingereza. Posta yake haikuwa ya serikali. Tajiri mmoja wa nguo, aliyechoka na barua zake kupotea, aliajiri wakimbiaji wake mwenyewe, wakawa wanabeba na za majirani. Raja alipoona kazi inakwenda akampa ruhusa ya kubeba barua za nchi nzima, na za kasri pia. Waingereza walikuwa na posta yao yenye ofisi na mihuri, lakini watu wa vijijini waliendelea kumwamini mtu wa njuga, kwa kuwa wakimsikia tu kwa mbali walijua khabari inakuja. Kila tarishi alikuwa na kipande chake cha njia, na mwisho wa kipande palikuwa na kibanda ambapo mwenzake anamngoja. Mfuko wa barua hauwekwi chini. Unatoka mkononi kwenda mkononi, na anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme, "Nimepokea." Asiposema, mtasimama hapo mmeushika wote wawili, jua liwachome.

Sasa, aliyekuwa akimngoja babu kibandani alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mchumba. Babu alinihadithia mwenyewe, alipotufuata Unguja baada ya nchi za maraja kuunganishwa na India na posta ile kufungwa. Alisema wangekuwa na kazi nyingine yoyote wangezikana bila kusikia sauti ya mwenziwe. Kazi ile iliwalazimisha neno moja kila wakikutana. Siku moja babu akasikia ile "Nimepokea" ina kikohozi ndani yake, ikamtoka tu, "Unaumwa?" Ugomvi uliishia hapo.

Yasir, najua kinachokuuma, na si mama yako kuzikwa huku badala ya Unguja, kama unavyodai. Khabari ya kufa kwa mama yako uliikuta kwenye grupu la WhatsApp, kati ya picha ya pilau na tangazo la harusi. Saleha, ulikuwa unahangaika na mochari na watu wa maziko, ukaona tiki mbili za buluu, ukadhani mdogo wako ameshapata. Tiki si kupokea, mwanangu. Uliuweka mfuko chini. Nawe Yasir umeuona pale chini, ukaupita miaka miwili. Mmeniumiza nyote.

Basi wosia wangu ni huu. Fimbo ni yenu wawili. Mmoja atakaa nayo mwaka mzima, na kila Idi baada ya Ramadhani ampe mwenzake, mkono kwa mkono, na neno lisemwe. Isipitie kwa mtu, wala isiachwe mlangoni kama vifurushi vya siku hizi. Na mimi nizikeni hapa hapa, ubavuni mwa mama yenu, Rehana wangu, Unguja nimeshaiaga. Siku hiyo ikifika, Saleha, usiandike popote kwanza. Mpigie mdogo wako, umwambie kwa mdomo wako, na usikate simu mpaka aseme amepokea.

Nipeni maji... kidogo tu. Inatosha. Mungu awape afya, awape watoto wanaowasikiliza, hata wakiwajibu kwa Kiingereza. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sikubakisha.

Sasa Saleha, inuka, ilete fimbo. Mpe mdogo wako. Yasir, simama, ishike... Usiachie, Saleha, bado. Nazisikia njuga, mmeishika wote wawili. Yasir, sema, baba. Sijasikia... masikio yananiacha. Sema kwa nguvu.

Haya. Saleha... achia.