Kibao cha Shule ya Sardis Grove

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Ozella Prewitt wa Sardis Grove. Bi Ozella Prewitt, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na moja. Wengi mtasema alikuwa mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu. Lakini mimi nimeishi katika kaunti hii maisha yangu yote, na sitawaficha: Bi Ozella alikuwa na wivu. Wivu wa kumkosesha mtu hamu ya kula.

Wivu huo ulikuwa na jina. Vernestine Tubbs, binamu yake wa Marlow, maili nne tu kutoka kwake. Mwaka tisini na sita jimbo lilisimamisha kibao cha historia mbele ya kanisa la Marlow. Kibao cha chuma, maandishi ya dhahabu, cha kueleza umuhimu wa mahali pale pa kale. Sardis Grove haikupata kitu. Na Sardis Grove ilikuwa na shule ya mbao, waliyoijenga wazazi wenyewe mwaka 1924, watoto weusi walipokuwa hawana pengine pa kusoma. Bi Ozella alijifunzia kusoma mle ndani.

Kila Agosti, Jumapili ya kurudi nyumbani, watu wakishuka kutoka Detroit na Chicago, Bi Vernestine alitenga keki yake ya karameli mezani, pale pale chini ya kibao.

"Ozella, njoo ule kwenye historia!"

"Keki yako kavu," alijibu Bi Ozella. Haikuwa kavu.

Binti yake, Loretha, ameniambia: "Mama akifika nyumbani anazunguka jikoni, 'Kanisa lenyewe linavuja! Kibao cha nini?'"

Basi akaamua shule yake ing'ae kuliko kanisa la Marlow. Akaita mafundi. Wakazifunika zile mbao kuukuu za msonobari kwa mabamba meupe ya plastiki, kuanzia chini hadi paani. Ikameremeta. Ndipo akawaita watu wa kamati ya jimbo inayotoa vibao. Walikaa dakika kumi.

"Mama, sisi tunatafuta shule ya zamani," mmoja alimwambia kwa upole. "Hii ni mpya."

Kibao akanyimwa. Bi Ozella alijifungia ndani wiki nzima, hata kanisani hakwenda. Loretha anasema: "Hakulilia shule. Alilia kwa sababu Vernestine atajua."

Na Vernestine alijua. Alifika Jumamosi asubuhi, mtaimbo begani, amevaa viatu vya kanisani.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimeshacheka njiani. Toka nje tubandue hili balaa."

"Wewe unisaidie mimi? Kwa lipi?"

"Kwani mbao hizi alizipigilia baba yako peke yake? Hata wangu yumo. Toka, Ozella!"

Walibandua Jumamosi sita. Wivu haukuisha, msidhani. Jumamosi ya pili Bi Ozella alikuja na mtaimbo mrefu kuliko wa mwenzake.

Majira ya kuchipua kamati ilirudi, ikapapasa mbao, ikakubali. Kibao kiliposimama, Bi Ozella alikipima kwa futi ya fundi. Kisha akaendesha gari hadi Marlow kukipima cha kule. Vilikuwa sawa, na jambo hilo lilimuuma. Akahesabu mistari ya maandishi. Marlow kumi na mmoja, Sardis Grove kumi na mitatu. Alirudi nyumbani akiimba.

Tunampa pole Loretha, wajukuu, na Sardis Grove nzima. Pole pia kwa Bi Vernestine. Nilizungumza naye jana, amesimama mbele ya shule ile.

"Shule hii ililishinda kanisa letu tangu zamani," aliniambia. "Kila Agosti roho ilikuwa juu juu, nikiogopa watu watagundua. Mimi ndiye niliyekuwa na wivu. Na sikumwambia hata siku moja."

Wasikilizaji wapendwa, yuko mtu unayemwonea wivu, unamjua. Zima redio, umpigie simu umwambie, maadamu bado yupo wa kuipokea.