Pavia Eliassen na Mtu Aliyebaki Hemani

Tuliyemleta hapa leo, Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, ni Mzee Pavia Eliassen, mwindaji wa kijiji chetu hiki cha Kullorsuaq, huku kaskazini kwenye barafu. Wasifu huu umeandikwa na binti yake Severine, naye ndiye anayeusoma. Kabla hajafariki, Mzee aliomba jambo moja tu: jina lake lizikwe pamoja naye, asipewe mtoto yeyote. Kila aliyeketi humu kanisani anajua uzito wa ombi hilo, maana kwetu marehemu asiyepata mtoto wa kulibeba jina lake hubaki nje. Basi haya ni maisha yake, na ni sababu za ombi lake, na ni jibu ambalo familia imempa.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapahapa, mtoto wa tatu wa Enok na Tabitha Eliassen. Miezi miwili kabla alikuwa amefariki babu yake mzaa mama, aitwaye Pavia, kwa hiyo jina lilikuwa linamsubiri. Mama yake alimwita "baba" tangu siku ya kwanza. Bibi yake, aliyekuwa mjane, alimwita "mume wangu" na kumgombeza akichelewa kurudi nyumbani. Alipokuwa na miaka minne alimwambia bibi huyo, "Mke wangu, nipe sukari," akapewa bakuli zima. Kijiji kilikicheka kisa hicho miaka na miaka.

Pamoja na sukari alirithi na mengine. Mwaka 1908 babu huyo, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliendesha mbwa wa kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza barafuni, katika msafara wa Viggo Lindholt, ofisa wa Denmark aliyetaka kuvuka Ghuba ya Melville hadi kaskazini ya mbali. Lindholt aliumia mguu, akabaki hemani, na hakuonekana tena akiwa hai. Kitabu cha msafara kilichochapishwa Copenhagen kilisema kwamba mwenyeji Pavia alitoroka alfajiri na mbwa wote. Babu alisema hadi kufa kwake kwamba alitumwa kutafuta msaada. Hakuna aliyefunga safari kuja kumuuliza.

Mzee alisoma shule ya hapa kuanzia mwaka 1958 hadi 1966. Alikuwa mwepesi wa Kidenishi kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo ndiye aliyeambiwa akisome kitabu kile kwa sauti mbele ya darasa. Alipofika penye jina lake alinyamaza. Mwalimu, ambaye alikuwa mgeni, alidhani neno limemshinda, akamsaidia kulisoma. Tangu hapo watoto wenzake wakicheza barafuni walimwambia, "Pavia, leo usinikimbie," naye akacheka pamoja nao. Nyumbani alimuuliza mama yake, "Ni mimi niliyemwacha yule mtu?" Mama yake akasema, "Baba, kula samaki wako."

Alipata mbwa wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na sita, na hakuwahi kukosa mbwa hadi siku aliyokufa. Aliwinda sili na dubu, akavua samaki chini ya barafu, na kwa miaka kumi na mitatu alipeleka barua hadi Nuussuaq kwa sleji. Alikuwa mchoyo wa sifa. Mwanawe Vittus alipoua dubu wake wa kwanza, Mzee alimtazama mnyama huyo mkia hadi pua, kisha akasema, "Amekonda." Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Bibiane Thomassen wa Nuussuaq. Alimposa kwa kukaa jikoni kwao siku tatu bila kusema kitu, mpaka mama mkwe akachoka, akamwambia, "Mchukue basi, nipate kufagia." Waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, wakazaa watoto watatu.

Mwaka 1996 alikuja Asger Lindholt, mwalimu wa shule kutoka Aarhus, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, kitukuu wa yule ofisa. Alitaka kuurudia msafara wa mwaka 1908 kama ulivyokuwa: nguo za ngozi, chakula kilekile, sleji ya mbao, na redio isiwepo. Tena alitaka aendeshwe na Pavia. Bibiane alikataa kabisa. Mzee alikubali, na kwa mara ya kwanza alimweleza mkewe kilichomo moyoni: alitaka kufika mahali pale, aondoke kama jina lake lilivyoondoka, kisha arudi amkute mtu yuko hai. Aliamini kwamba akifanya hivyo mara moja tu, jina litasafika.

Waliondoka tarehe 9 Aprili. Walipatana vizuri, mmoja mzito wa maneno na mwingine asiyeweza kunyamaza. Tarehe 18 walifika kwenye rasi iliyotajwa kitabuni, wakapiga hema. Yaliyosemwa pale Mzee aliwasimulia watoto wake mara moja tu, na hakuyarudia.

"Kaka, nenda nyuma ya kile kilima ulale huko, urudi kesho," alisema mwalimu. "Nataka kujua babu yangu alisikia nini."

"Alisikia baridi, mwalimu. Hilo naweza kukwambia hapahapa, tena tukinywa kahawa."

Mwalimu alicheka, lakini hakubadili nia. Mzee alifunga mbwa wake kwenye sleji, akambakiza mmoja, jike mzee mweusi, akamfunga mlangoni pa hema.

"Huyo naye mchukue," alisema mwalimu.

"Huyu anabaki. Sisi hatumwachi mtu bila mbwa."

"Kitabu kinasema wote. Ukimwacha huyo, tutakuwa tunaigiza tu."

Hapa kila mwenye sleji anajua sababu ya mbwa huyo. Theluji ikianza kupeperuka, mtu hupotea hatua kumi kutoka hemani mwake, na sauti ya mbwa ndiyo inayomrudisha. Mzee alijua hayo tangu utotoni. Lakini alitaka yote yafanane, ili kurudi kwake kuhesabike. Akamfungua yule jike, akaondoka na mbwa wote kumi na mmoja.

Upepo ulishuka kutoka barafu kuu ya nchi kavu saa chache baadaye, ukakaa siku mbili. Aliporudi tarehe 20, hema lilikuwa limesimama. Jiko lilikuwemo, daftari lilikuwemo, na mfuko wa kulalia ulikuwa umefunguliwa. Viatu vya nje havikuwepo. Huenda mwalimu alitoka kujisaidia tu. Alitafutwa siku tisa, kwa sleji na kwa helikopta, na hakupatikana. Polisi waliandika kwamba ilikuwa ajali, na hakuna mtu wa Kullorsuaq aliyemlaumu Mzee, angalau si kwa mdomo.

Barafu ya bahari iliposhika tena mwaka huohuo, sleji ya Mzee ilianza kuwa nzito. Severine mwenyewe aliipanda na kuona: abiria ni yeye na baba yake, mzigo ni ngozi mbili, na mbwa wanavuta kama wamebeba mtu mzima wa tatu. Walikuwa wakigeuza vichwa na kutazama upande wa kulia, mbele, pale ambapo mwalimu alipenda kukaa. Mzee hakukaa tena upande huo wala hakuweka mzigo hapo. Alitandika ngozi ya dubu, akaiacha wazi. Wanawe walipata woga, na ni aibu kulificha hilo leo. Bibiane peke yake ndiye aliyeuliza.

"Yupo?"

"Yupo. Amekaa tu."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Mtu yule alikuwa haishiwi maneno, sasa hasemi. Hilo ndilo linalonitisha."

Miaka ishirini na sita alimbeba hivyo. Bibiane alipofariki mwaka 2015, nafasi ya kulia ilibaki ya mwalimu, na Mzee aliona hilo ni haki.

Novemba 2021 alipatikana na saratani ya mapafu. Alitibiwa kusini miezi mitano, akaomba kurudi nyumbani. Wiki yake ya mwisho alimwita Severine akamwambia, "Jina hili limemwacha mtu mara mbili. Nikifa itakuwa mara ya tatu, maana mimi nitakuwa nimeondoka na yeye atabaki kwenye sleji. Msimpe mtoto mzigo huu." Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari, asubuhi, kahawa yake ikiwa bado ya moto. Mbwa walilia kutwa nzima wakiitazama sleji, si nyumba.

Jumapili tarehe 12, huko Upernavik, mjukuu wake Ivalu, binti ya Severine, alijifungua mtoto wa kike. Alipiga simu.

"Mama, ananuna kama babu."

"Watoto wote wananuna."

"Huyu ananuna akitazama pembeni, upande wa kulia. Mama, mimi simwachi babu nje."

"Alikataza mwenyewe."

"Alikataza kwa ajili ya yule mwalimu. Kwao kuna mtu aliyepewa jina lake?"

"Kwao hawana desturi hiyo."

"Basi miaka yote hii alikuwa hana mlango wa kuingilia. Waingie wote wawili."

Severine hakulala vizuri baada ya simu hiyo. Kesho yake alimpigia Kirstine Lindholt, dada wa mwalimu, huko Aarhus, mwenye miaka sabini na mmoja, akamweleza yote na kumwomba ruhusa. Kirstine aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtoto atakuwa na mtu wa kukaa naye wakati wote?"

"Dada, huku hata ukitaka kukaa peke yako hupati nafasi."

Kirstine alilia, akasema mpeni.

Kwa hiyo baba, tumekusikia na hatukukutii.

Mzee Pavia Eliassen ameacha dada yake Beate, watoto wake Severine, Vittus na Tabitha, wajukuu watano, mbwa tisa, ambao Vittus amewachukua, na kitukuu mmoja, aliyewasili jana kwa helikopta na yuko nasi humu kanisani. Kesho Jumapili atabatizwa Pavia Asger, maana kwetu jina la marehemu halibagui mvulana na msichana. Mungu ampe marehemu mapumziko mema. Mtoto akilia wakati maneno haya yanasomwa, tafadhali, asitolewe nje.