Mwalimu Penseli, Aliyetuchagulia Masomo

Baba yetu mpendwa, ambaye wengi wenu hapa mlimwita Mwalimu Penseli mkidhani hasikii, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe. Alikuwa anasikia. Tena jina hilo alilipenda.

Shule ya msingi aliongoza darasa kila mwaka. Sekondari akachagua Kemia na Bayolojia, kwa kuwa alitaka kuwa daktari. Shule yake ilikuwa na chumba chenye kibao cha "Maabara", na ndani yake viti vibovu na mafagio. Majaribio waliyasoma ubaoni. Novemba 1970, katika mtihani wa mwisho wa kuingia chuo kikuu, ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na bureti, ule mrija wa kioo wenye bomba chini. Akaujaza asidi bila kufunga bomba. Jibu lote likaishia kwenye viatu. Kemia alipata F, na chuo kikuu kikampita hivi hivi.

Alisomea ualimu wa Historia, akaanza kazi Januari 1974 katika shule ambayo nayo haikuwa na maabara. Hapo alikuwa mwalimu wa taaluma hadi alipostaafu mwaka 2010, na fomu zote za kuchagua masomo zilipita mikononi mwake. Aliamuru zijazwe kwa penseli. Penseli tulishika sisi wanafunzi, raba ya kufutia alishika yeye.

"Mwanangu, akili unayo, maabara hatuna. Utapima asidi kwa fagio?" alimwambia kila aliyeandika Kemia.

Wengi walifaulu kwa Historia aliyowaandikia, wakaingia chuo kikuu. Mimi, binti yake wa kwanza, nilitaka uhandisi. Leo mimi ni wakili. Nilimnunia miaka miwili. Sikujua kwamba kila Januari alikuwa akiandika barua kuomba maabara, na kila Machi akijibiwa kuwa ombi lake linashughulikiwa.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mpiga chapa wa shule, mama yetu. Alimposa kwa fomu. Chaguo la kwanza aliandika jina la mama, la pili akaacha wazi. Mama husema alikubali kwa sababu ile fomu ilijazwa kwa wino.

Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa. Daktari aliyempokea alicheka.

"Mwalimu, mimi ndiye uliyenifutia Bayolojia."

"Nani akakurudishia?"

"Nilihamia shule yenye maabara."

Baba akafungua vifungo vya shati. "Basi nipime vizuri. Kazi yako naisahihisha mimi."

Wiki hiyohiyo nilimpelekea fomu ya binti yangu. Mtoto aliandika Fizikia, na shule yake ina maabara kamili, lakini mimi niliona Historia ina uhakika zaidi. Damu si maji. Nilimwomba baba aifute kama alivyofuta yangu, kwa kuwa mjukuu angemsikiliza babu. Baba akasema, "Iache hapa."

Alifariki Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Chini ya mto wake tuliikuta fomu. Neno Fizikia alilipitia kwa wino, herufi moja baada ya nyingine. Chini yake akaandika: "Raba asipewe mama yake."

Nililia, jamani, na nikacheka palepale wodini, hadi muuguzi akaniletea kiti. Ni mimi niliyelilia uhandisi, na ni mimi niliyebeba raba.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, faili la barua thelathini na sita, na wanafunzi wengi mno, baadhi yao wakiwa bado wamemnunia. Fomu niliipeleka shuleni jana mwenyewe, kama ilivyo.

Raba tumemwekea kwenye mfuko wa koti, upande wa kushoto. Apumzike nayo kwa amani.