Mama Walburga Mapunda na Mwendo wa Kwenye Tope

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Walburga Mapunda atakabidhi funguo za gari la huduma ya mkoba, linalopeleka wauguzi na chanjo vijijini, baada ya miaka ishirini na minane ya udereva. Alipoanza kazi mwaka 1997 alikuwa dereva mwanamke wa pekee katika idara yetu ya afya hapa Songea. Wiki ya kwanza tu, wauguzi wawili waliomba wapangiwe gari lingine. Mmoja wao ni mimi, Imaculata, ninayeandika haya. Nilishamwomba radhi zamani.

Hakuanza akiwa mwangalifu kama tunavyomjua leo. Mwenyewe huwasimulia madereva wapya bila kuficha. Masika ya mwaka 1999, tukirudi kutoka kliniki ya Maposeni, aliingiza gia ya magurudumu manne, akaona gari limeshika njia vizuri, akaongeza mwendo hadi sabini. Kwenye kona gari liliserereka zima zima, likalala ubavu katikati ya mahindi ya watu. Mimi nilivunjika mkono.

Kwa wiki sita alikuja nyumbani kwangu Mfaranyaki kila jioni. Alichota maji, akamwogesha mwanangu, akafua, akaondoka bila maneno mengi. Siku niliyotolewa plasta aliniuliza, “Dada, utapanda tena gari langu?” Nikamjibu kwamba nitapanda, ila kiti cha mbele, niuone mshale wa mwendo. Basi tumesafiri pamoja tangu hapo.

Baada ya ajali ile alijiwekea sheria. Kwenye tope hakuzidi thelathini. Kwenye vumbi na changarawe, hamsini. Akiweka gia nzito ya kupandia milima, tulikwenda polepole hadi kuku wakatupita. Akifika kwenye lami kavu, kitu cha kwanza ni kuitoa gia ya magurudumu manne, kwa sababu gari huwa gumu kukata kona na vyuma vyake huumia. Wenzake walimbatiza Mama Thelathini, naye akalipenda jina hilo.

Sheria hiyo ilijaribiwa Machi 2011. Tulikuwa tumekwenda Namasakata, wilayani Tunduru, kwa zoezi la chanjo. Mkulima mmoja, Daimu, alitujia mbio: mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri na alikuwa akitokwa na damu. Tulimlaza nyuma ya gari, tukaanza safari ya hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, udongo ulikuwa kama sabuni, na njia ilipita kando ya mto.

“Mama, kanyaga mafuta!” Daimu alilia. “Si gari la magurudumu manne hili?”

“Yote manne yanavuta, baba,” Mama Walburga alimjibu, macho yakiwa njiani. “Kwenye utelezi, kusimama yanashindwa kama ya gari lolote.”

Mshale ulikuwa kwenye ishirini. Hata mimi nilimkasirikia. Nilimwambia tutampoteza mgonjwa; mshale haukupanda. Daimu aliposhika mpini wa mlango akitaka kushuka atangulie kwa miguu, Mama Walburga alimwambia kwa upole, “Nami nimezaa, mwanangu. Najua anachopitia. Nikienda mbio tutaangukia mtoni, na huyu hataweza kutoka. Kaa umshike mkono.”

Tulikuwa bado mbali tulipoona mtoto hasubiri. Mama Walburga alisimamisha gari taratibu mahali tambarare, akaweka mawe kwenye magurudumu, akanishikia kanga iwe pazia. Mtoto wa kike alizaliwa pale pale, akalia kwa sauti. Damu ya mama ilipungua nilipomkanda tumbo, na saa moja baadaye tulimfikisha kwa daktari akiwa anaongea. Wote wawili walipona.

Walipopokelewa, nilimkuta Mama Walburga amekaa kwenye ngazi za hospitali analia. “Ningechelewa na akafa, ningejibu nini?” aliniuliza. “Niliogopa kuliko ninyi nyote, Imaculata. Mguu ulikuwa unataka kukanyaga.” Nilikaa naye, Daimu naye akaja akakaa upande wa pili. Alisema, “Shikamoo, mama,” kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. Wakacheka wote wawili huku machozi yakiwatoka.

Ndipo nilipoelewa kwamba utaratibu wake haukutokana na moyo mgumu. Kila kilomita alikuwa akishindana na huruma yake mwenyewe.

Tangu mwaka 1999 hajaumia mtu ndani ya gari lake. Madereva saba amewafundisha yeye. Sasa anakwenda kupumzika na mumewe, Mzee Urban. Mwezi ujao watapanda basi kwenda Mbamba Bay kuwaona wajukuu, naye ametuahidi, kwa shida, kwamba hatamwelekeza dereva.

Mama Walburga, sisi sote tuna watoto waliotuona tukirudi nyumbani jioni, safari baada ya safari, kwa sababu yako. Asante sana. Mungu akujalie afya, furaha na siku nyingi za amani.